Meza za Duara

Watoto wa darasa la tatu ndio waliompa jina la Bi Daftari. Kwa miaka mitatu alikuja shuleni kwao na kukaa nyuma kabisa, kwenye kiti cha kitoto, magoti yakimfika kifuani, akiandika. Mwanzoni watoto walidhani ni mkaguzi, wakawa kimya kama waliomwagiwa maji. Baada ya wiki mbili wakamzoea kama walivyolizoea kabati.

Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, na swali lake lilikuwa rahisi kulitamka: kwa nini watoto wa darasa moja wanabuni mambo, na wa darasa jingine, wa umri uleule na mtaa uleule, wanangoja waambiwe? Kila wiki alizungukia madarasa manne. Alimpa kila mtoto boksi tupu na kipande cha kamba, akampa dakika kumi, kisha akamuuliza vitu hivyo vinaweza kuwa nini. Katika madarasa matatu boksi lilikuwa la kuwekea vitu na kamba ilikuwa ya kufungia boksi. Katika darasa la hawa waliompa jina boksi lilikuwa hospitali ya viatu, lilikuwa nyumba ya konokono aliyehama, na binti mmoja asiye na meno ya mbele alisema ni mahali pa kuficha kelele mpaka mama aamke.

Darasa lenyewe lilikuwa na sura yake. Paa lilivuja mwaka mmoja, madawati yakaoza, na shule ikapewa meza za duara zilizotoka kwenye ukumbi uliofungwa. Kuta zikapakwa rangi ya njano kwa sababu ndiyo iliyokuwepo stoo. Mwalimu wake alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye wenzake walimwita Mwalimu Kwa Nini. Hata mwalimu mkuu akimwambia mvua itanyesha, alimuuliza kwa nini.

Bi Daftari aliandika rasimu yake ya kwanza kwa haraka, kichwa kikiwa moto. Aliandika kwamba siri ni mazingira: watoto wakikaa duara wanaonana usoni, na rangi inayochangamka inachangamsha akili. Aliweka jedwali kubwa lenye alama za kila siku ya majaribio. Siku sita alama zilikuwa zimeporomoka, naye akaziwekea vinyota ili aje azieleze baadaye. Rasimu ile akampelekea Profesa.

Profesa ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Alikuwa mtu wa maneno laini, aliyetabasamu kwa upande mmoja wa mdomo na kuwaita wanafunzi wake wote wa kike "binti". Alipokea rasimu kwa mikono miwili.

"Binti, umefanya kazi," alisema. "Niachie niisome kwa utulivu."

Aliisoma kwa utulivu wa miezi minane. Kila Bi Daftari alipobisha mlango, Profesa yuko kikaoni, Profesa yuko safarini, Profesa anaumwa jino. Naye hakukaa bure. Alirudi kwenye vinyota vyake, akafungua daftari la pili, akaanza kuuliza siku zile sita zilikuwa na nini. Meza zilikuwa zilezile. Kuta zilikuwa zilezile. Kitu kimoja tu hakikuwepo: Mwalimu Kwa Nini alikuwa amelazwa hospitali, na darasa lilishikwa na mwalimu wa zamu.

Basi akarudi darasani na saa ya mkononi, akapima kitu ambacho hakuwahi kufikiria kukipima. Akapima ukimya. Mwalimu wa zamu akiuliza swali alingoja sekunde moja, kisha akalijibu mwenyewe. Mwalimu Kwa Nini alingoja saba, nane, mara nyingine kumi na mbili, akimtazama mtoto kana kwamba hana pengine pa kwenda. Na jibu likija, liwe la ajabu namna gani, hakusema "si hivyo". Alisema "kwa nini?" na kungoja tena. Bi Daftari akaenda kwenye madarasa mengine matatu, akakuta habari ni ileile ya sekunde moja. Meza hazikuhusika hata kidogo. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa imekosea kuanzia juu hadi chini.

Alikwenda kumwambia Profesa hivyo, daftari la pili likiwa kwapani. Pale kwenye meza ya karani wa idara akakuta kitabu kipya, kina harufu ya wino. Jalada lilikuwa la njano. Jina lilikuwa la Profesa. Akafungua katikati, akakutana na sentensi zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, kama mtu anayekutana na nguo zake zimevaliwa na mwingine. Jedwali lilikuwepo. Hata vinyota vilikuwepo, bila maelezo. Ukurasa wa shukrani ulimtaja msaidizi mmoja wa kukusanya takwimu, na jina lake lilikuwa limekosewa herufi mbili.

Alilalamika. Mkuu wa idara alimsikiliza akikuna kidevu, akamwambia hayo ni mambo ya kawaida na asijichafulie njia. Bi Daftari akapiga moyo konde, akawasilisha tasnifu yake ya rasimu ileile, daftari la pili akilificha kwa sababu hakumwamini tena mtu nalo, akiamini kwamba watahini watano hawawezi wote kuwa vipofu. Siku ya utetezi aliingia chumbani akamkuta Profesa ameketi katikati yao, mbele yake glasi ya maji.

"Tatizo letu," alisema mmoja wao bila kumtazama, "ni kwamba sura nne za kwanza zinafanana mno na kitabu cha Profesa."

Profesa aliweka glasi chini taratibu. Uso wake ulikuwa wa huzuni, huzuni safi, iliyopigwa pasi. "Binti," alisema, "kunakili ni kosa kubwa katika kazi yetu. Nilitegemea ungekuja kwangu kwanza."

Hakusikia tena neno lililosemwa mle ndani. Anachokumbuka ni kwamba alikunja karatasi zake vizuri, pembe kwa pembe, akawashukuru wote watano, akafunga mlango bila kuubamiza. Nyumbani kwa mama mdogo, fundi cherehani aliyemlea, aliketi kwenye rundo la vitambaa na kusema maneno manne tu.

"Sina shahada, mama mdogo."

Mama mdogo alisimamisha cherehani. "Utalia sasa au baada ya kula?"

"Silii."

Mama mdogo alimtazama muda mrefu. Alimjua mtoto huyu tangu akiwa na miaka mitano. Akilia, mambo huisha. Asipolia, mtu fulani mahali fulani anapaswa kuanza kujiangalia.

Alipata kazi ya ukutubi kwenye chuo cha walimu. Maktaba ilikuwa chumba kirefu chenye rafu za chuma na feni moja iliyogeuza shingo kama mtu anayesema hapana. Kazi yake ilikuwa kuorodhesha vitabu, kujibu maswali ya wakufunzi, na kuandaa orodha za marejeo kwa ofisi ya elimu pale waliposhauriana kuhusu jambo. Na hapo ndipo alipomwona Profesa amesimama mahali anapomtaka: juu ya kitabu chenye kosa, bila kujua kwamba kina kosa.

Mwingine angekimbilia gazetini. Bi Daftari alifikiri kwa utaratibu uleule aliotumia kwenye utafiti. Akisema sasa, Profesa atasahihisha toleo la pili, atashukuru, na maisha yataendelea. Mtu hawezi kuumia sana akianguka kutoka kwenye kigoda. Lazima apande kwanza.

Basi akampandisha. Alikiweka kile kitabu cha njano kwenye rafu ya mlangoni. Mkufunzi akiuliza kitabu kuhusu ubunifu wa watoto, alipewa hicho. Aliandika muhtasari wake kwenye jarida la chuo, akakisifu kwa maneno yaliyochaguliwa vizuri, akakiita dira. Alimvisha Profesa kilemba cha ukoka na kila wiki akakiongezea nyasi. Profesa mwenyewe alimwandikia barua ya shukrani, akisema amefurahi kuona binti hana kinyongo. Barua ile aliitumia kuwekea alama ukurasa wa vinyota.

Mwaka wa kwanza haujaisha, ofisi ya elimu ikaandika kwa maktaba. Walikuwa wanataka kugeuza madarasa ya shule arobaini yafuate kitabu cha Profesa: meza za duara, kuta za njano, na mwongozo wa mwalimu wa kila dakika. Kabla ya kukata shauri waliomba maktaba iwatajie kazi yoyote ya utafiti inayokipinga. Barua ilimfika Bi Daftari saa nne asubuhi. Daftari la pili lilikuwa kwenye mkoba wake, chini ya kiti, linamgusa kisigino.

Alichukua karatasi akaandika sentensi moja. Maktaba haina kazi yoyote inayokipinga kitabu hiki.

Ilikuwa kweli tupu. Daftari halikuwa la maktaba. Aliigonga muhuri, akaipeleka, akanywa chai yake kabla haijapoa. Usiseme hakujua anachofanya. Alijua kama anavyojua jina lake.

Miaka miwili ikapita. Profesa akawa mshauri, akawa mtu wa kukata utepe, akawa uso wa redioni na televisheni. Kisha tangazo likatoka: kongamano kubwa la elimu, Profesa ndiye mzungumzaji mkuu, ofisi nzima ya elimu itakuwepo, na mwishoni kutakuwa na muda wa maswali. Bi Daftari alilisoma mara mbili, akahisi njaa kali, kama mtu aliyefunga siku nyingi na sasa anasikia harufu ya jikoni.

Alihitaji kitu kimoja tu: shahidi. Akaenda kwa Mwalimu Kwa Nini.

Alifika wakati wa kipindi akachungulia dirishani. Meza zilikuwa mpya, za plastiki, kila moja imezungukwa na watoto tisa badala ya watano. Nusu yao walikuwa wameupa ubao mgongo na kuukodolea kwa shingo zilizopinda. Mwalimu alishika mwongozo mkono wa kushoto. Aliuliza swali, akalijibu, akaendelea. Akauliza lingine, akalijibu, akaendelea. Hakuna aliyenyoosha mkono. Bi Daftari aliangalia saa yake bila kukusudia. Sekunde moja.

Kengele ilipolia, mwalimu alimtambua akamkaribisha ndani. Alikuwa amepungua zaidi.

"Umeona?" alisema. "Siku hizi naongea kama redio." Akatoa bahasha mbili kutoka kwenye droo, akazisukuma juu ya meza. "Barua za onyo. Wakaguzi walikuja na saa zao. Soma hapo, mstari wa tatu."

Bi Daftari akasoma. Mwalimu anapoteza muda wa kipindi kwa kukaa kimya baada ya kuuliza maswali, kinyume na mwongozo. Akasoma tena.

"Ya tatu ikija, wananitoa darasani," mwalimu alisema. "Sasa niambie kilichokuleta."

Akamwambia. Akamweleza rasimu iliyoibwa, watahini, vinyota, daftari la pili, na kongamano. Aliongea kwa haraka, macho yakimng'aa. Mwalimu hakumkatiza. Bi Daftari alipomaliza, ukimya ukakaa kati yao, ule ukimya wa zamani, mrefu, usio na huruma wala ukali.

"Ulijua lini?" mwalimu akauliza.

"Nini?"

"Kwamba si meza."

Angeweza kusema mwezi uliopita. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. "Kabla ya kitabu kutoka," alisema. "Ofisi ilituuliza kama kuna utafiti unaopinga. Barua niliijibu mimi. Nilisema hakuna."

"Kwa nini?"

Swali lile alilisikia mara elfu akiwa nyuma ya darasa hili, likiulizwa watoto wa miaka tisa, na wote walipata cha kusema. Yeye alifungua mdomo akaufunga. Mwalimu alingoja. Alingoja kwa muda ambao Bi Daftari, kwa mara ya kwanza, hakutaka kuupima.

"Nilitaka apande juu zaidi," alisema hatimaye. "Ili akianguka aumie."

"Shule arobaini."

"Ndiyo."

Mwalimu alizikusanya bahasha zake akazirudisha kwenye droo. "Nitakuja," alisema. "Daftari la mahudhurio la mwaka ule ninalo. Nitakuja kwa sababu ya hawa hapa. Wewe usinikalie karibu."

Ukumbi wa kongamano ulikuwa na viti mia tatu vya bluu na baridi ya viyoyozi. Profesa alizungumza saa nzima, na lazima isemwe kwamba alizungumza vizuri. Alieleza alivyokaa nyuma ya darasa kwenye kiti cha kitoto, magoti yakimfika kifuani. Watu wakacheka kwa upendo. Bi Daftari, safu ya sita, alicheka nao.

Muda wa maswali ulipofika, alisimama na kitabu cha njano mkononi.

"Naomba Profesa anisaidie kusoma jedwali la ukurasa wa mia moja na kumi na mbili," alisema kwa sauti ya mkutubi. "Kuna siku sita zina vinyota. Alama za watoto zimeporomoka siku hizo. Vinyota vina maana gani?"

Profesa alitabasamu kwa upande mmoja. Alifungua nakala yake na kutazama ukurasa, na ni yeye tu aliyejua kwamba anautazama hasa kwa mara ya kwanza.

"Swali zuri, binti. Hizo ni siku za mvua kubwa. Watoto wengi hawakufika shuleni, kwa hiyo matokeo yake si ya kutegemewa."

Bi Daftari hakukaa wala hakujibu. Alimtazama tu. Sekunde ya tatu Profesa aligusa tai yake. Sekunde ya tano akaongeza kwamba, kwa kweli, baadhi ya watoto walikuwa pia wagonjwa. Sekunde ya nane akasema kwamba takwimu nyingine zilikusanywa na msaidizi. Hakuna aliyemuuliza neno, na bado alikuwa anajieleza. Watu wakaanza kugeuza shingo.

"Msaidizi ni mimi," Bi Daftari alisema. "Na mwalimu wa darasa lile yupo humu."

Mwalimu Kwa Nini alisimama kwenye safu ya nyuma, daftari la mahudhurio limekumbatiwa kifuani. "Siku hizo sita watoto walikuja wote," alisema kwa sauti yake ya kukwaruza. "Majina haya hapa, yamewekewa alama. Ambaye hakuja ni mimi. Nilikuwa nimelazwa. Meza zilikuwepo, rangi ilikuwepo." Akageukia safu ya mbele walikoketi watu wa ofisi ya elimu. "Na huyu bwana sijawahi kumwona darasani kwangu hata siku moja."

Bi Daftari alikuwa amejiandalia hotuba. Haikuhitajika. Mkurugenzi wa elimu alikwishachukua kitabu kutoka kwa jirani yake na kukifungua ukurasa ule, na uso wake ulikuwa unabadilika. Profesa alikunywa maji. Glasi ilipogonga meza, maji yakamwagikia karatasi zake, naye akaanza kuyafuta kwa mkono wa koti, polepole, huku mia tatu wanamtazama. Bi Daftari aliitazama picha ile bila kupepesa. Alitaka isimtoke. Haijamtoka hadi leo, na akiwa na siku mbaya huitoa akaiangalia.

Uchunguzi ulichukua miezi mitano. Rasimu yake ilikuwa na tarehe, barua ya shukrani ilikuwa na saini, na karani wa idara alikumbuka kila alichokiona. Profesa alivuliwa uprofesa, kitabu kikaondolewa. Tasnifu ya Bi Daftari ilipokewa upya, safari hii ikiwa na sura kuhusu kungoja, na akaipata shahada yake. Ofisi ya elimu iliufuta mwongozo. Barua za onyo za mwalimu zikafutwa pia. Lakini zile meza za plastiki hazikuwa na pa kwenda, na watoto wengi wa shule arobaini bado wanausoma ubao kwa shingo za pembeni.

Siku aliyokwenda kuchukua cheti alimkuta Profesa kwenye ngazi za idara, amebeba boksi la vitabu. Alikuwa amezeeka ghafla. Walipishana, kisha akamwita kwa jina lake kamili. Hakumwita binti.

"Ungeniambia mapema kuwa kuna kosa," alisema, "tungelirekebisha pamoja."

"Najua," Bi Daftari alisema. "Ndiyo maana sikukuambia."

Akashuka ngazi. Moyo wake ulikuwa mwepesi, na hakuna haja ya kudanganya kwamba haukuwa.

Wiki iliyofuata alikwenda shuleni. Alitaka kuanza utafiti mpya, akafikiria kiti chake cha nyuma. Mwalimu Kwa Nini alitoka hadi mlangoni na kuuvuta nyuma yake, akabaki ameshika kitasa. Ndani kulikuwa kimya, kisha sauti ya mtoto ikasema jambo fulani, na wengine wakacheka.

"Wameanza kurudi," mwalimu alisema. "Wawili watatu. Wengine itachukua muda."

"Ningependa kuwaona."

"Hapana, Bi Daftari." Hakusema kwa hasira. "Tafuta darasa lingine."

Akaingia akafunga.

Jioni mama mdogo alimwomba amsaidie kutunga uzi kwenye sindano, macho siku hizi yanamsumbua. Cheti kilikuwa mezani, kati ya vitambaa. Alimsimulia yote, pamoja na mlango.

"Na ingekuwa unaanza upya?" mama mdogo akauliza.

Bi Daftari aliulowesha uzi kwa mate, akaupitisha kwenye tundu, akaukata.

"Ningemwangusha vilevile," alisema. "Mwalimu ningemwambia mapema."

Mama mdogo aliipokea sindano, akaiinua kwenye mwanga kuhakikisha, akarudi kwenye upindo wake.